TAHADHARI kwa mafundi wa sakafu: reki ya epoksi ya "mili 4" inayouzwa mtandaoni

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado na vumbi la grainda masikioni, maana wiki nzima hii nimekuwa nakwangua sakafu niliyoimwaga mwenyewe. Si kawaida yangu kuanika hasara zangu mbele za watu, lakini huyu muuzaji bado yuko kazini na najua humu kuna vijana wameanza epoksi juzijuzi (ile plastiki ya maji unayoimwaga sakafuni ikagandamana), vifaa wanaagiza kwa simu. Someni kwanza, kucheka mtacheka baadaye.

Nipo Dodoma. Kazi ilikuwa ya bekari, chumba cha mita za mraba 40, epoksi ya kujisawazisha yenyewe, unene mili (milimita) 2. Mwiko wangu wa meno ulikuwa umeisha makali, meno yamelika mpaka unapita nao unaona umeacha utando tu. Nikaona bora ninunue reki yenyewe, ile yenye mpini mrefu, ufanye kazi umesimama badala ya kutambaa kwa magoti kama mtoto. Kwa asiyeijua: ni ubapa wa chuma wenye meno chini, unamwaga epoksi, unaivuta, na mapengo kati ya meno ndiyo yanayoamua unaacha kiasi gani sakafuni. Nyuma yako anafuata mtu na rola ya miba kupasua mapovu. Vitu viwili tu, ila vikiwa vibovu hakuna ufundi utakaokuokoa.

Ukurasa nilioagizia una picha nzuri sana. Reki inang'aa, ubapa umefungwa kwa boliti unaweza kuubadilisha, pembeni kuna ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo. Ikumbukeni hiyo ndoo. Reki shilingi 180,000, rola ya miba 80,000, na viatu vya misumari, vya kukanyagia epoksi mbichi, "ofa ya wiki". Nilipouliza duka liko wapi nikaambiwa Kariakoo, Gerezani. Mtaa gani? "Ukifika Gerezani nipigie bosi, utaelekezwa." Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angesimama. Mimi nikasema Gerezani ni kubwa, labda kweli ukifika unaelekezwa.

Nikauliza swali la kifundi: meno ya mili 4 yanaacha unene wa mili ngapi? Akajibu, "Mili 4 bosi, ni orijino." Hili nitalirudia, kwa sababu jibu hilo peke yake lilitosha kunifanya nifunge simu, na nililisoma nikalipita.

Malipo yote kwanza. Lipa namba haikuwepo, ilikuwa namba ya kawaida, na jina lililotokea kabla sijathibitisha lilikuwa la mtu, si la duka. "Huyo ni mhasibu wetu." Nikatuma 260,000. Kusema kweli mzigo ulitumwa, kwa basi, risiti nikapigiwa picha. Ndiyo maana nasema huyu ni hatari kuliko wale wa "tuma kwenye namba hii". Yule wa meseji anakula pesa anapotea, umeumia mara moja. Huyu anakupa kitu mkononi, unaenda nacho kwa mteja.

Basi liliingia Nanenane usiku, kazi ilikuwa kesho yake alfajiri. Nikafungua boksi kwa tochi ya simu, nikaona reki, nikaona rola, nikafunga. Stika imeandikwa 4mm. Hilo ni kosa langu na silisingizii mtu.

Asubuhi tukaanza. Nina tabia moja nzuri kati ya nyingi mbaya: kabla ya kumwaga huwa napiga chaki ukutani, kila ndoo inatakiwa iishie wapi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Lita moja ikisambazwa kwenye mita moja ya mraba inakupa mili 1. Mita 40 kwa mili 2 ni lita 80. Epoksi ile kila lita ina kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo kilo 120, ndoo sita za kilo 20. Kila ndoo inatakiwa ifunike mita sita na nusu na ushee.

Ndoo ya pili ilipoisha chaki ilisema tuwe mita 13. Tulikuwa 9. Nikasema sakafu ina mabonde. Ndoo ya tatu ilikuwa imeshachanganywa na hadina, dawa yake ya kuigandisha, na mnajua epoksi iliyochanganywa haisubiri mtu afikiri. Ukiiacha kwenye ndoo inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi. Tukamwaga. Ya nne ikaisha, tuko 18 wakati tulitakiwa tuwe karibu 27. Dogo wangu ndiye aliyesema, "Fundi, hii reki inakunywa."

Nikachomoa kitana cha kupimia unene, ambacho muda wote kilikuwa kwenye begi. Ni kibati kidogo chenye meno ya urefu tofauti, unakisimamisha kwenye epoksi mbichi, jino la mwisho lililolowa ndilo unene wako. Mili 3. Nikahamia kwingine: mili 3 na kidogo. Nikaitupa reki kando, nikapiga magoti na mwiko wangu wa zamani, tukamalizia ndoo mbili zilizobaki kwa mili 2 za kubahatisha. Tukafika mita 31. Mita 9 zikabaki kavu, mama mwenye bekari amesimama mlangoni amekunja mikono.

Jioni niliuosha ule ubapa kwa thina. Rangi ya fedha ikatoka nayo. Chini yake ni bati la kawaida lililokatwa meno kwa grainda kwa mkono, unaona kabisa mahali diski ilipoteleza. Nikapima kwa venia, ile rula ya kubana, kina cha pengo moja moja: 5, 7, 6, 6 na nusu, 5. Hakuna hata moja lenye mili 4. Na kila jino lilikuwa na ncha ya chuma iliyojikunja, haikupigwa tupa.

Hizo ncha ndizo zilizoniua zaidi ya unene. Zilikuwa zinakwaruza praima, ile koti ya kwanza inayopakwa juu ya zege, mpaka zege linaonekana. Zege lina hewa ndani, na joto la mchana likipanda hewa ile inatanuka na kutafuta njia. Praima ikiwa nzima inaziba. Ikikwaruzwa, kila mkwaruzo unakuwa mstari wa mapovu. Kesho yake sakafu ilikuwa na mistari ya vitundu vidogo kama sehemu iliyotobolewa na sindano, imenyooka kufuata njia ya reki. Na bekari ni maji na unga kila siku; kila kitundu ni nyumba ya uchafu.

Rola nayo. Miba ya rola nzuri ukiibonyeza kwa kidole inapinda inarudi. Hii ilikuwa inakatika. Tumezungusha robo saa, miba imebaki ndani ya epoksi, myeupe kwenye sakafu ya kijivu kama punje za mchele. Mama aliinama, akaukwangua mmoja kwa ukucha, akaniwekea kiganjani. "Fundi, hiki kikiingia kwenye unga nitamwambia nini mteja?" Sikuwa na jibu. Viatu vya misumari hata sivizungumzii, mkanda ulikatika kabla sijaingia chumbani.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili ya mchezo, maana nahisi ndiyo anayoitegemea. Nilimpigia nikiwa na hasira. Hakubisha. Akawa mpole kabisa: "Pole sana kaka, hilo ni toleo lililochanganyika stoo, tunakubadilishia. Tuma 25,000 ya usafiri wa kurudisha na kukuletea mpya." Mtu umeshapoteza 260,000, elfu 25 inaonekana ndogo, na unaitaka ile reki ya kwenye picha kwa moyo wote. Nikatuma. Tiki mbili zikageuka moja, picha ya wasifu ikapotea. Nilipiga simu kwa namba nyingine, ikapokelewa, nikasema jina langu, ikakatwa.

Nikapiga huduma kwa wateja wa mtandao wa simu kuomba muamala urudishwe, pesa ilishatolewa. Fundi mwenzangu wa Morogoro nilipomsimulia akacheka kwa uchungu, naye ana reki hiyohiyo, amepakwa mafuta kwa maneno yaleyale ya "toleo lililochanganyika", ila yeye ya usafiri alitoa 30,000. Nimechukua RB polisi, na namba nimeituma 15040, ile ya kuripoti utapeli wa simu. Ni bure, dakika moja, na ni namba ya TCRA kwa mitandao yote, kwa hiyo mwenye kupata meseji za hivi asifute tu, aitume huko.

Jina la ukurasa silitaji. Tangu niagize limebadilika mara mbili, nikilitaja leo kesho litakuwa la mtu mwingine asiye na hatia. Mshikeni kwa tabia zake: picha yenye ndoo ya bluu iliyopasuka mdomo, Gerezani isiyo na mtaa, mhasibu mwenye jina la mtu, na pesa ya usafiri wa kubadilisha.

Na mshikeni kwa lile swali. Meno ya pembetatu yaliyoshikana, yale yanayofanana na meno ya msumeno, ukiyachora kwenye karatasi utaona nusu ni chuma na nusu ni uwazi. Kwa hiyo kina cha mili 4 hakiwezi kuacha zaidi ya mili 2 epoksi ikishatulia, na mara nyingi ni pungufu kidogo. Ndiyo maana mimi wa mili 2 niliagiza mili 4, na ndiyo maana meno yake ya mili 6 ya wastani yaliniachia 3. Muuzaji anayejua bidhaa yake atakuuliza unamwaga nini, kizito kiasi gani, unataka unene gani. Anayekwambia 4 inaacha 4 hajawahi kuvuta epoksi hata siku moja.

Reki ikishafika mkononi, msifanye kama mimi na tochi ya simu. Wekeni ubapa, meno chini, juu ya kioo cha dirisha au kigae kipya, ng'arisheni mwanga kwa nyuma. Jino lisilogusa kioo mtaliona hapohapo. Chukua biti ya drili inayopita kwa kubana kidogo kwenye pengo la kwanza, uipitishe mapengo yote. Ikilegea huku na kugoma kule, rudisha. Pitisha soksi ya nailoni au hata kidole kwa uangalifu kwenye makali: ikinasa, itanasa na praima. Rola bonyeza miba kumi hivi, tofauti tofauti, si ile ya pembeni tu. Halafu mwaga ndoo ya kwanza, simama, pima na kitana kabla hujafungua ya pili. Ningefanya hilo la mwisho tu, hasara yangu ingekuwa ya ndoo moja.

Kuhusu kulipa, mwenye ndugu au fundi mwenzake Dar amtume aende kwa miguu, aishike, apige picha yeye mwenyewe akiwa na tepu kwenye meno. Nauli ya bodaboda kwenda Kariakoo ni ndogo kuliko thina niliyotumia kuosha lile bati. Na kama huna mtu, mwambie muuzaji arekodi video akipima pengo kwa venia huku anataja jina lako. Mwenye mali atanung'unika lakini atafanya. Yule wangu nilipomwomba video alinitumia ya Mzungu anavuta epoksi kwenye ghala.

Bekari nimekwangua yote, praima upya, na ndoo za marudio zimetoka mfukoni kwangu. Mama amenivumilia, amehamishia kazi kwa dada yake kwa siku hizo, na mimi nimemkatia kwenye malipo. Reki ile imeegemezwa nyuma ya nyumba, mke wangu anakusanyia majani ya mwarobaini, na kwa majani nakiri inafanya kazi.

Jana jioni imeniingia meseji kwa namba ngeni. "Bosi habari, vifaa vya epoksi orijino vimeingia, karibu." Picha chini yake: reki inang'aa, ndoo ya bluu. Nikajifanya sijui kitu, nikamuuliza meno ya mili 4 yanaacha unene wa mili ngapi.

"Mili 4 bosi. Nikuwekee ngapi?"