Kabla hujanunua programu ya kuhariri video, sikiliza inachokitupa

Mwezi uliopita mteja alinipigia simu saa mbili usiku. "Dada, video ni nzuri, lakini mbona bibi anaongea kama kaingiza kichwa kwenye ndoo?"

Ilikuwa send-off ya binti yake. Umeme ulikatika katikati ya sherehe, jenereta ikawashwa nyuma ya ukumbi, na hapo ndipo bibi aliposhika maiki kumwombea mjukuu wake. Nyumbani nikabonyeza kitufe cha kuondoa kelele kwenye programu niliyouziwa shilingi 150,000, "leseni ya maisha", nikaongeza mpaka jenereta ikanyamaza. Kwenye spika za laptopu ikasikika safi. Nilipovaa hedifoni baada ya simu ile, nikasikia nilichokifanya: kila "s" na "sh" ya bibi imepotea, na mwisho wa kila neno umeliwa.

Kwa hiyo leo sizungumzii rangi, maandishi yanayoruka wala mbwembwe za kuunganisha picha. Hayo kila muuzaji atakuonyesha. Nauliza swali moja ambalo karibu hakuna anayeuliza: je, programu inakuruhusu kusikiliza kile inachokiondoa?

Kazi yenyewe iko hivi. Programu nzuri unaipa sekunde chache za kelele tupu, kabla mtu hajaongea. Inajifunza kelele ile imekaa kwenye masafa gani, kisha inaitoa kwenye rekodi nzima. Lakini sauti ya mtu nayo inapita humo humo. Ukizidisha, unakata vyote viwili. Ukiweza kusikiliza zile taka peke yake, jibu unalipata papo hapo: ukisikia jenereta tu, uko salama, ukisikia maneno, umekata nyama. Programu yangu ya laki na nusu ilikuwa na mshale mmoja wa kusogeza, basi. Huifundishi kelele, wala husikii kilichotupwa.

Namba moja kwangu ni DaVinci Resolve, toleo la bure, na sifichi kwamba naipenda. Blackmagic Design ya Australia iliinunua Fairlight, jina kongwe kwenye mitambo ya sauti, mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikaiingiza ndani ya Resolve 14. Ndiyo maana ukifungua ukurasa wa Fairlight unajiona umeingia studio: kila njia ya sauti ina ekwalaiza yake (ya kupandisha na kushusha besi au sauti nyembamba) na kompresa yake (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo), na kuna kipimo cha LUFS cha kukuonyesha sauti yako ina nguvu kiasi gani kabla hujaipeleka YouTube. Kwenye kifaa cha kupunguza kelele kuna kitufe cha "Learn" na sehemu ya kusikiliza kelele peke yake. Rekodi ya bibi niliirudia humo. Nilipata sekunde sita za jenereta kabla hajaanza dua, nikaifundisha, nikasikiliza taka, nikapunguza mpaka neno la mwisho la bibi likatoka kwenye taka. Jenereta bado inasikika kwa mbali. Iache isikike, maana bibi naye anasikika.

Ubaya wake ni uzito. Andaa RAM ya GB 16 na kadi ya video ya maana, pamoja na bando la kutosha, kwani kuipakua ni gigabaiti kadhaa. Toleo la Studio ni dola 295, zaidi ya laki saba, unalipa mara moja. Lina kifaa cha kutenga sauti ya mtu na kelele ambacho toleo la bure halina. Nunua kazi zikishaanza kukulipa.

Namba mbili, kwa wenye laptopu dhaifu: Kdenlive au Shotcut kwa picha, Audacity kwa sauti. Zote bure. Audacity inachukua sampuli ya kelele, na ukichagua "Residue" inakusikilizisha taka. Tabu ni kutoa sauti, kuisafisha na kuirudisha. Ukibadilisha mkato baadaye, unaanza upya.

Namba tatu ni Reaper, programu iliyoundwa hasa kwa sauti, dola 60 kwa wafanyabiashara wadogo, na siku 60 za kujaribu. Kwa sauti ni kiboko, ila kwa picha utapata shida.

CapCut? Kwa klipu fupi za simu, sawa. Si kwa harusi ya saa tatu.

Sasa wauzaji. Niliporudi dukani kulalamika, niliambiwa leseni yangu ni ya toleo lile tu, na kifaa bora cha sauti kinalipiwa kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Hayo muuzaji hakuyasema siku anapokea hela yangu. Mteja wa send-off analipa nusu, nyingine anasubiri michango iishe. Sisi tunakatwa dola kila mwezi, kazi iwepo isiwepo. Wengine wanauza flashi yenye programu ya "full version" iliyovunjwa leseni, na virusi juu, eti wanatusaidia!

Ukienda dukani, beba rekodi yako yenye feni au jenereta, na hedifoni zako. Mwambie aifungue programu mbele yako akuonyeshe kelele inayotolewa. Akianza kukuonyesha rangi, rudisha pesa mfukoni.