Darlington Arena: Viti 25,000 kwa Klabu ya Mashabiki 2,000

Ukiupima kama jengo, uwanja wa soka wa Darlington Arena unastahili alama za juu. Ukiupima kama makazi ya timu ya daraja la nne kaskazini-mashariki mwa England, haustahili hata nusu. Klabu ya Darlington ilihamia hapo 2003 na kuondoka 2012, misimu 9 tu, na katika muda huo iliingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi mara 3.

Tuanze na mazuri, maana yapo. Viti vyote 25,000 viko chini ya paa, majukwaa yanazunguka uwanja mzima bila kona wazi, na hakuna nguzo ya kumziba mtu macho. Ndani kuna marumaru na ngazi za umeme, vitu ambavyo klabu nyingi za madaraja ya juu hazikuwa navyo wakati ule. Mwenye klabu, George Reynolds, tajiri wa mbao za juu za makabati ya jikoni, aliinunua Darlington 1999, akaifutia madeni ya takriban pauni milioni 5 na kuahidi kuifikisha Ligi Kuu. Uwanja ukaitwa kwa jina lake.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya kwanza kabisa: viti vilipangwa kwa timu iliyoahidiwa, si kwa timu iliyokuwepo. Mechi ya ufunguzi, Agosti 2003, Darlington ilifungwa 2-0 na Kidderminster Harriers mbele ya watu 11,600. Umati mkubwa kwa mji ule, lakini bado zaidi ya nusu ya viti vilibaki vitupu, tena siku ambayo kila mtu alikuwa na hamu ya kuuona uwanja. Miaka ya baadaye wastani uliteremka hadi kama watu 2,000, yaani mtu mmoja kwa kila viti 12 na nusu. Kelele za mashabiki hupotea kwenye nafasi ya namna hiyo, na wachezaji wa nyumbani hukosa msukumo. Gharama nazo hazipungui kwa kiwango cha watu waliokuja: paa, taa, mabomba na usafi hudai fedha zilezile viti vikijaa au visijae.

Hata timu ingepanda daraja, milango isingefunguka yote. Kwa sababu ya barabara za jirani, idadi ya watu kwa kawaida iliwekewa ukomo wa 10,000. Hilo pekee lilitosha kuufanya mradi usirudishe fedha zake.

Mahali nako kulichangia. Feethams, uwanja wa zamani ambako timu ilicheza tangu 1883, ulikuwa karibu na katikati ya mji. Shabiki alitoka kwenye baa akatembea hadi langoni. Arena uko pembezoni, kando ya barabara ya A66, na shabiki wa kawaida hana budi kutafuta gari au basi. Anayekwenda kwa mazoea tu, asiye na tiketi ya msimu, ndiye wa kwanza kukata mguu.

Klabu iliangukia ufilisi Desemba 2003, miezi 4 baada ya kuhamia, kisha 2009, kisha Januari 2012. Katikati ya misukosuko hiyo ilishuka 2010 kutoka Football League, yaani ligi za daraja la pili hadi la nne, ila mwaka uliofuata ikatwaa FA Trophy, kombe la klabu zilizo chini ya ligi hizo, pale Wembley kwa kuifunga Mansfield Town 1-0 katika muda wa nyongeza. Kikosi kiliweza, kilichoielemea klabu ni jengo.

Mwaka 2012 chama cha soka kiliihesabu kuwa klabu mpya, ikashushwa madaraja 4 na kulazimika kuitwa Darlington 1883. Ilihamia mji wa jirani wa Bishop Auckland kama mpangaji, ikapanda mara 3 katika misimu 4, kisha ikarudi mjini Desemba 2016 kwenye uwanja mdogo wa Blackwell Meadows. Arena ulinunuliwa na klabu ya raga ya Darlington Mowden Park kwa takriban pauni milioni 2, bei ndogo mno kwa jengo lile.

Msimu wa 2016/17 Darlington ilimaliza ya 5 katika National League North, ligi ya daraja la sita, nafasi ya kucheza mchujo wa kupanda. Ikazuiwa: Blackwell Meadows haukuwa na viti 500 vilivyotakiwa.