Skylight Inn, Ayden: nguruwe mzima kwa makaa ya kuni

Ukizunguka kwa gari mashariki mwa North Carolina, Marekani, pita mji mdogo wa Ayden. Mkahawa wa Skylight Inn, uliofunguliwa 1947, bado huchoma nguruwe mzima kwa makaa ya kuni, taratibu, usiku kucha. Moto ukizidi, ngozi huungua kabla nyama haijalainika. Nyama hukatwakatwa kwa visu vizito vya buchani pamoja na ngozi iliyokauka, ikatiwa siki, chumvi na pilipili, bila sosi nzito ya nyanya. Vipande hivyo vya ngozi vinavyovunjika menoni katikati ya nyama laini ndivyo utamu wenyewe! Agiza trei: nyama, saladi ya kabichi, mkate wa mahindi. Mkate ni bapa, mzito, na una mafuta ya nguruwe, kwa hiyo asiyemla asiuguse. Jumapili hufungwa. Kula palepale, nyama ikikaa, ngozi hulainika.