Tathmini: begi la skii la Dakine Fall Line baada ya safari tatu za Zermatt

Nilitambua kwamba begi langu la kwanza la skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, lilikuwa hasara nikiwa katika stesheni ya Visp, nchini Uswisi. Treni inayotoka uwanja wa ndege wa Geneva huchukua saa mbili na ushee kufika hapo, na abiria anayekwenda Zermatt, mji wa michezo ya theluji, hana budi kushuka na kupanda treni nyingine, ile ndogo ya milimani, ambayo nayo hutumia zaidi ya saa moja kupanda bondeni. Huko Zermatt magari ya petroli hayaruhusiwi, kwa hiyo anayeshuka hapo huchagua kati ya teksi ndogo za umeme na miguu yake mwenyewe.

Begi lenyewe lilikuwa mfuko mrefu wa kitambaa chepesi, wenye mkanda mmoja wa kuning'iniza begani, bila magurudumu wala sponji. Nililinunua kwa sababu ya bei, na dukani, likiwa tupu, lilionekana halina neno. Nilipolijaza jozi moja ya skii, fito za kujisukumia, viatu na nguo za wiki nzima lilifika kilo 19, na uzito wote huo ukawa juu ya bega moja, huku ncha ya nyuma ikinigonga kisigino kila hatua na ncha ya mbele ikitafuta vichwa vya abiria wenzangu. Nilipofika chumbani nilikuta makali ya chuma ya skii yamechana kitambaa, tundu la kutosha kupitisha vidole viwili.

Msimu uliofuata nilinunua Dakine Fall Line, na nimesafiri nalo mara tatu kutoka London. Kampuni hii ilianzia Hawaii mwaka 1979, ikitengeneza vifaa vya wapanda mawimbi kabla ya kuigeukia theluji. Huenda ndiyo maana begi lake limeshonwa kama la mtu aliyezoea kuburuta mbao ndefu. Lina sponji pande zote, magurudumu upande mmoja wa mwisho, zipu ndefu inayolifungua karibu lote, mikanda ya kubana mzigo usicheze, na nafasi ya jozi mbili za skii pamoja na fito zake. Ndani yake mna mfuko wa viatu unaoweza kutolewa na kubebwa peke yake.

Jambo ambalo ningemsihi mnunuzi alitazame kwanza ni urefu. Begi hili linauzwa kwa sentimita 175 na 190, na wengi hudhani kwamba refu ndilo salama. Skii zangu zina sentimita 170, nami nilichukua la 175, kwa sababu skii zikiachiwa nafasi kubwa huteleza mbele na nyuma kila begi linaporushwa, na ncha zake hupiga mshono wa mwisho kama nyundo mpaka utatuke. Mwenye skii za 184 hana la kuchagua, achukue la 190. Lakini asilichukue mwenye skii fupi kwa matumaini kwamba siku moja atanunua ndefu zaidi.

La pili ni uzito. Mabegi ya aina hii, yenye sponji na magurudumu, huwa na kilo 3 hadi 5 yakiwa matupu, na mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 23 kwa kila mzigo wa daraja la kawaida. Jozi ya skii pamoja na vifungio vyake, vile vinavyoshika viatu, hukaribia kilo 6, viatu vyake kilo 4, fito na kofia ngumu kilo moja na kitu. Hesabu hiyo inakuachia kati ya kilo 6 na 9 za nguo, nazo huisha upesi kwa sababu begi lina tumbo kubwa na mkono hauchoki kutia. Nimeshafungua begi hadharani mbele ya kaunta, nikachomoa sweta mbili na kuzivaa juu ya ile niliyokuwa nayo. Tangu siku ile napima nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza. Aidha, yapo mashirika yanayotaka begi la skii liwe na vifaa vya skii tu, hivyo ni vyema kusoma masharti ya tiketi kabla ya kuzungushia suruali kwenye vifungio. Kwa wanaosafiri Marekani kuna nafuu: Delta na United huhesabu begi la skii na begi la viatu kuwa mzigo mmoja.

Rafiki ninayesafiri naye anatumia boksi la plastiki ngumu linalorefushwa na kufupishwa kama darubini. Sikatai kwamba skii zake hufika bila mkwaruzo. Hata hivyo boksi hilo halikunjiki, haliingii katika teksi ya Zermatt bila majadiliano, na nyumbani kwake linaishi nyuma ya sofa mwaka mzima. Fall Line, likishatolewa vilivyomo, hulala bapa chini ya kitanda. Mama mdogo aliyekuwa akizungumza nami kwa video kutoka Tanga aliliona likiwa limejaa sakafuni, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole nimemficha nani humo.

Kuhusu viatu nina msimamo ambao wengine huuona wa kupindukia: ule mfuko wake nauacha nyumbani, na viatu napanda navyo kwenye ndege katika mkoba wa mgongoni. Begi likipotea njiani, skii hukodiwa asubuhi inayofuata katika duka lolote la mji wa milimani. Viatu ambavyo mtaalamu ameviumba kwa joto vifuate mguu wako havikodiwi popote, na siku moja ndani ya viatu vya mtu mwingine inatosha kuharibu kucha za wiki nzima. Betri za akiba za soksi za joto pia hukaa nami, kwa kuwa betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi katika mizigo ya chini.

Ndani ya begi nafunga skii tumbo kwa tumbo kwa mikanda miwili, vifungio vikiwa karibu zaidi na magurudumu ili uzito uwe chini ninapovuta. Kwenye lami na sakafu ya stesheni linavutwa kwa mkono mmoja bila kero. Kwenye theluji laini magurudumu huacha kuzunguka na begi hugeuka jembe, na hapo hakuna dawa ila kulibeba kwa vishikio vya ubavuni.

Sponji ina kasoro yake nayo: hunywa maji. Skii zilizofungiwa humo mbichi jioni ya siku ya mwisho hutolewa London zikiwa na kutu ya rangi ya chai kwenye makali. Mara ya kwanza niliisugua kwa muda wa saa nzima. Sasa kipande cha kanga kuukuu kinasafiri ndani ya begi, na kila skii inafutwa kabla zipu haijafungwa.