Mchoro wa Giyorgis kwenye ngozi ya mbuzi, Addis Ababa: nyota 4 kati ya 5

Maduka ya zawadi ya Churchill Road yamejaa michoro ya Mtakatifu Giyorgis (ndo Mtakatifu George, yule shahidi anayeua joka akiwa juu ya farasi), mingi imechorwa harakaharaka kwa ajili ya watalii, ila huu niliochukua mimi aliyeuchora anaijua kazi yake jamani.

Cheki farasi kwanza. Mweupe pe, na lazima awe mweupe, maana kwenye michoro ya kanisa la Ethiopia rangi ya farasi ndo inakwambia aliyepanda ni nani, ukiona mweusi huyo ni Mtakatifu Merkorewos, yule anayesimuliwa kumchoma mkuki Juliani, mfalme wa Roma. Joho ni jekundu, damu ya shahidi hiyo. Halafu macho sasa, hapa ndo niliponunulika kabisa: Giyorgis ana uso mzima, macho mawili makubwa yanakutazama moja kwa moja, lakini joka limechorwa kwa upande, jicho moja tu, kwasababu kule mwema anaonyeshwa uso wote na mwovu anaonyeshwa nusu. Michoro ya vita ya Adwa ya 1896, pale Ethiopia ilipowashinda Waitaliano, inafuata sheria hiyohiyo, watu wa mfalme Menelik wa Ethiopia uso mzima, Waitaliano upande upande, na juu angani yupo Giyorgis huyuhuyu na farasi wake mweupe, maana vita vilipiganwa tarehe 23 ya mwezi wao wa Yekatit na kwa kalenda yao tarehe 23 ya kila mwezi ni siku yake. Kwahiyo unaponunua mchoro huu hununui hadithi ya joka peke yake, unanunua na Adwa humohumo, na mimi kama Mwafrika hilo linanigusa sana.

Vitu vidogo navyo kavipatia. Binti Brutawit, yule anayeokolewa na joka lisimle, yuko juu ya mti kashika tawi, na mguu wa Giyorgis hauna kiatu, kidole gumba tu ndo kimeingia kwenye kikuku cha tandiko la farasi, ndivyo walivyopanda farasi kule zamani.

Bei inajadilika, usikubali ya kwanza, na muuzaji alikuwa mpole akanieleza kila kitu bila kunisukuma ninunue. Nyota moja nimekata kwasababu ngozi inajikunja pembeni na inanuka kidogo wiki za mwanzo. Itie fremu yenye kioo mapema, na fundi umwambie kabisa kuwa ni ngozi asije akaipaka gundi ya karatasi.