Kitimoto ya Ipagala: nyama tamu, ila maksi nawapa kwa mikono misafi

Wapenda kitimoto wa Dodoma, kuna banda pale Ipagala nendeni. Kavu na ndizi za kuchoma, nyama imeiva mpaka kwenye mfupa, hakuna wekundu wowote, na ukiomba kuona mbichi wanakuonyesha na mhuri wa mkaguzi upo. Bei imechangamka kidogo.

Sasa kilichonifanya niandike ni mikono ya wale wapishi. Wengi tukisikia minyoo tegu tunakagua nyama tu, tukiona vile vifuko vyeupe kama punje za mchele tunaondoka, na ni sawa kabisa maana nyama hiyo isipoiva unapata tegu wa tumboni. Lakini huyu anayeingia kwenye ubongo humpati kwa kula nyama, unampata kwa kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, yani mtu katoka chooni hajanawa anakukatia kachumbari, unakula, mayai yanaanguliwa tumboni, vijidudu vinapita kwenye damu mpaka kwenye ubongo, mara chache na uti wa mgongo mpaka miguu inakosa nguvu, na unaweza kukaa miaka hujui kitu siku moja unaanguka kifafa. Kwa hiyo hata ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuupata!! WHO wanasema maeneo ulikoenea, kama asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa chanzo ni huu mnyoo, na unatibika, halafu huku kwetu mtu akianguka ndugu wanakimbilia kwa mganga wakati anatakiwa apigwe CT scan. Inaniuma sana hii.

Tuje hapa bandani. Anayekata kachumbari hashiki hela wala hahudumii wateja, nyanya zinaoshwa kwa maji yanayotiririka, na kwa wateja kuna kibuyu chirizi na sabuni ya maji, maana haya maji yetu ya chumvi sabuni ya kipande utasugua mpaka uchoke. Nilimuuliza mama mwenye banda nguruwe anatoa wapi, akasema kwa mfugaji anayewafungia ndani, hawazururi. Hilo ni kubwa, nguruwe anayezurura ndiyo anaenda kula kinyesi vichakani anapata hivyo vifuko.

Nawapa nne kwa tano. Moja nimekata kwa sababu choo cha nyuma jioni maji yanaisha na hakuna anayejaza ndoo, mama nimeshamwambia, naomba alifanyie kazi hilo haraka.