Darasa la Kiebrania la Mwanga, Kigoma: Somo la "Shalom" Linastahili Ada Yake

Waumini wengi hapa Kigoma husalimiana kwa "Shalom", lakini ni wachache waliowahi kuelezwa jinsi wenye lugha wanavyolitumia neno hilo. Kwa sababu hiyo nalipongeza darasa la jioni la Kiebrania linalofanyika katika ukumbi wa kanisa moja eneo la Mwanga, ambalo limelitengea neno hilo somo zima.

Mwalimu alianza na matamshi: sisi huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, kwa mazoea ya Kiswahili, ilhali Waisraeli huuweka kwenye ya mwisho. Neno hutumika watu wanapokutana na wanapoagana, na siku ya Sabato husemwa "Shabbat shalom". Katika kujuliana hali, mwanamume huulizwa "Ma shlomkha?" na mwanamke "Ma shlomekh?", jambo lililotuchukua muda kwa kuwa Kiswahili hakitenganishi jinsia. Swali la shikamoo nalo liliulizwa, kama ilivyotarajiwa, tukajibiwa kwamba shalom haina ngazi ya umri. Mtoto humwambia babu, na babu humwitikia kwa neno hilohilo.

Kilichonigusa zaidi ni mfano wa 2 Wafalme 4:26, ambapo mama Mshunami anaulizwa hali yake, ya mumewe na ya mtoto, naye anajibu "shalom", neno lilelile lililomo katika swali, ingawa mtoto amekwisha kufariki. Mzee mmoja wa Ujiji akasema papo hapo kwamba nasi huulizana "Salama?" na kujibizana "Salama" hata penye msiba. Mwalimu akathibitisha kuwa maneno hayo ni ya ukoo mmoja, kwa kuwa salama yetu imetoka katika Kiarabu, lugha iliyo ndugu ya Kiebrania, na konsonanti za mzizi wake zinalingana na zile za shalom. Kwa maelezo hayo pekee ningelipa ada mara ya pili.

Upungufu upo katika maandishi. Karatasi tulizopewa zilitolewa nakala hafifu mno, kiasi kwamba herufi ya mwisho ya shalom, yaani mem ya mwisho wa neno ambayo ina pembe, haikutofautika na samekh iliyo duara, na kwa mtu anayejifunza alfabeti ya herufi 22 kosa hilo si dogo. Hakuna pia sauti zilizorekodiwa za wazungumzaji wenyewe.

Kwa mhubiri, mwanakwaya au msomaji wa Biblia, nalipendekeza darasa hili bila kusita. Kijana anayejiandaa kwenda Israeli kwa mafunzo ya kilimo atahitaji mazoezi mengi zaidi ya mazungumzo kuliko yanayotolewa hapa, na ni vyema amweleze mwalimu mapema kabla ya kujiandikisha.